Daftari la Kaunti Iliyofutwa

Daftari ni la kijani, limelowa chai pembeni.
Ukurasa wa kwanza, Oktoba 1946:
Lancashire kumi na nne, Westmorland mbili.
Mwandiko ni wa Lancelot Fothergill, daktari wa mifugo,
na chini yake, kwa penseli:
*Tulikula vizuri.*

Ndivyo tulivyoanza, kwa kuchapwa na kushiba.

Kaunti ya kondoo wengi na watu wa kuhesabika
ilidaiwa kila msimu vichwa kumi na sita
vya kukaa mbele ya mbao kumi na sita.
Tukaokoteza: wachonga mawe wawili,
kasisi aliyechelewa kila palipotokea mazishi,
Enoch Airey wa kiwanda cha viatu,
ambaye hata akimshika malkia
vidole vyake vilinuka gundi,
na Bogumił Wrzos, aliyeletwa na vita akabaki,
asiyejua Kiingereza cha kuomba chumvi,
ila akitamka shaha kwa lugha ya kwao
ukumbi mzima ulimwelewa.

Januari 1955 theluji ilitufungia njia mlimani Shap.
Basi likazimika. Tukacheza mapajani, kwa tochi,
na Winifred Capstick, macho kafumba,
akawakabili wanne kwa mpigo bila kuona ubao,
akawalaza wote kabla trekta haijaja kutuvuta.
Ushindi huo haumo daftarini.
Kilichomo ni sufuri kwa kumi na sita:
tulifika saa za wenzetu zimekwisha kutuhukumu,
chai imepoa, viti vimepandishwa juu ya meza.

Na 1958, kumi na tano na nusu kwa nusu.
Nusu ile ni ya Winifred.
Saa sita alikaa, kofia kichwani,
kete zake zikiliwa moja moja kama njugu,
hata akabaki mfalme peke yake, uchi, kwenye kona,
hana pa kwenda, wala hajashikwa.
Kanuni inasema hiyo ni sare.
Mpinzani wake akaomba kanuni isomwe tena.
Ikasomwa tena.
Tuliirudisha nusu ile nyumbani
kama mtu abebavyo yai ndani ya glavu.

Kisha Aprili mosi, 1974.
Makarani wa London walichora mipaka mipya
na sisi hatukuwamo.
Siku ya wajinga; wengine tulidhani ni mzaha
mpaka mabango ya barabarani yalipong'olewa.
Chama cha Kaskazini kikaandika, kwa adabu:
kaunti yenu haipo tena,
mngependa timu isajiliwe kwa jina lipi?
Fothergill alikuwa kitandani, mapafu yamemchoka.
Winifred akajibu kwa postikadi yenye picha ya kondoo:
*Jina lile lile. Tafadhali tumeni ratiba.*

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema.
Basi sisi tu washindani hasa:
tumekubali mara mia mbili na kumi na moja,
nimezihesabu usiku mmoja nilipokosa usingizi.
Mimi ni katibu wa tano. Sijui nani atakuwa wa sita.

Jumamosi iliyopita, Preston.
Siku hizi mbao ni kumi na mbili; sisi tulikuwa kumi.
Hata hivyo nilizipanga kete za wale wawili wasiokuwepo,
farasi wakitazama mbele,
nikaziacha saa zao zikimbie zenyewe.
Ubao wa kumi alikaa Tobias Raistrick, miaka kumi na mmoja,
miguu haigusi sakafu.
Bwana aliyemkabili, mtu mwema, alimuuliza taratibu:
hivi, Westmorland iko wapi hasa?
Mtoto hakuinua macho.
"Ni zamu yako," alisema.

Alifungwa, hatua ya arobaini na moja.
Nimeandika.