Ua

Tofali mia sita, alisema fundi Saria,
mia sita na saruji mifuko ishirini,
ndipo ua wa nyumba hii ya Pasua utaitwa ua.
Fedha ilikuwepo, fundo kwenye pindo la kanga.
Kisha ikaja ile Januari ya mapafu ya Anaeli
na ukuta wetu ukalazwa naye, wodi ya pili,
ukaliwa sindano kwa sindano
hadi asubuhi mlima ulipofunguka, mweupe, umeoga,
na mimi mjane nisiye na ukuta.

Nikamfuata kijana wa miche kando ya reli.
"Duranta, mama. Inashika haraka.
Ina miiba, lakini miiba ya adabu."
Nikanunua ishirini na saba.
Wa ishirini na nane alinipa bure
kwa kuwa ulikuwa umepinda.

Wifi yangu akashuka kutoka Old Moshi, akazunguka, akaguna:
"Kwetu mpaka ni masale. Hili linaliwa?"
Haliliwi.
"Mbuzi je?"
Hata mbuzi hufikiria kwanza.
"Sasa la nini?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ndoo.

Masika mawili.
Maua yakatoka rangi ya ule wino
niliokuwa nikisahihishia madaftari ya darasa la tano,
na nyuma ya maua, vishada vya njano,
shanga juu ya shanga,
tawi likainama kama sikio lenye hereni nzito.

Wakaja kuzumburu, saba, familia nzima,
wakaning'inia vifua mbele, mikia chini,
kama soksi kwenye kamba.
Akaja shore na kofia yake nyeusi, msemaji wa kikao
ambaye hakuna aliyemwalika kusema.
Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, siku hizo,
nisije nikakosa kitu.

"Shuka zangu!" Hiyo ni sauti ya Mama Nakijwa, ng'ambo.
"Shuka za Pasaka! Ndege wako wamezipaka!"
Nikasema si wangu.
Akasema, wanakula kwako, wanakunya kwangu, ni wa nani?
Hilo nalo sikuwa na jibu lake.

Halafu Ndeshi, mjukuu, miaka mitatu,
shavu limetuna, kimya mno.
Tukaitoa kwa kidole, punje moja, nzima.
Hakuwa ameitafuna.
Lakini usiku ule nililala macho wazi
nikihesabu pumzi zake
kama nilivyowahi kuhesabu za mtu mwingine.

Chakula cha shore, sumu ya mtoto, tawi lile lile.
Na lugha yetu, kwa ubahili wake,
imeyapa yote neno moja:
ua la kunusa, ua wa kuzuia,
na ua, ile amri anayopewa mwenye panga.

Mwenye panga alikuja Jumamosi. Aminiel, mwanangu,
mikono ya shati imekunjwa, hataki chai.
"Leo linaondoka, mama."
Sikubishana. Nikamwita Ndeshi,
nikamsimamisha kando ya majani, nikamwambia nyoosha mkono,
juu, juu zaidi, simama kwa vidole.
Hapo, nikasema. Shanga zote za chini ya hapo, kata.
Za juu ni za wenye mabawa.
Akanitazama kitambo.
Akakata, kwa hasira kwanza, kisha kwa kipimo.

Sasa kila Januari tunapima upya.
Kimo cha mtoto kimeandikwa kwenye ua,
ingawa siku hizi Ndeshi mwenyewe huwafokea watoto wa jirani:
"Hizo si zetu!"

Na jambo moja sijamwambia mtu.
Chini ya kamba ya Mama Nakijwa pameota mche,
majani manne, kisha sita,
nami namjua aliyeupanda, na alivyoupanda.
Naona kupitia miiba:
akimaliza kusuuza, hamwagi tena mtaroni.
Anainama na beseni, polepole,
mahali alipopanga mawe matatu.
Akiinua uso, mimi najifanya natazama mlima,
ambao leo, kusema kweli, haupo.