Dola Mia na Ishirini

Baba alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
elfu mbili mia nne, asilimia tano,
mia na ishirini. Akaizungushia duara mara tatu
kama picha ya mwizi anayetafutwa.
"Hiyo," akasema, "siwapi."

Hakusema kina nani. Lowell nzima ilijua.
Kaskazini, mwendo wa dakika ishirini na tano,
ng'ambo ya mpaka usio na mlinzi wala kizuizi,
kuna jimbo lisilotoza kodi ya mauzo:
bei ya kwenye kibandiko ndiyo bei ya kwenye risiti.

Tukaenda Jumamosi. Armand Gaudette, fundi wa lifti,
kashika usukani kwa mikono miwili;
Mama, karani wa shule, mkoba magotini
kama mtu aendaye kwa daktari;
mimi nyuma, kando ya dirisha
lililogoma kushuka tangu theluji ya Januari.

Barabara ilikuwa ikitengenezwa.
Tulisimama nyuma ya katapila, tukimeza vumbi.
"Tazama wanavyojivuta!"
Mama akatazama. "Wanalipwa na nani, Armand?"
Baba akafungua redio.

Nashua. Maegesho yamejaa namba za magari za kwetu.
Akina baba wanasalimiana kwa kidevu tu,
kama watu waliofumaniana buchani siku za Kwaresima.

Televisheni yenyewe bapa, nyeusi, pana kuliko kitanda changu.
"Isilazwe kamwe," alionya muuzaji, "kioo kitapasuka."
Ikapimwa kwa kamba, kwa shubiri,
kwa matusi ya Kifaransa
ambayo bibi alimwachia Baba, urithi pekee.
Buti likaikataa. Juu ya paa, mvua imeanza kudondoka.
Kiti cha nyuma kikaipokea, wima, ukuta mpaka ukuta.

Ikabaki nafasi moja mbele.
Baba alitutazama sisi, kisha akalitazama boksi.
Halafu akalitazama boksi tena.

"Nenda na mtoto," Mama akasema. "Mimi nitasubiri."
Risiti akaitia mkobani, akavuka maegesho
kuelekea duka la donati, bila mwavuli.

Tuliendesha polepole kama tumebeba mgonjwa.
Bwana Sokha wa ghorofa ya chini akatusaidia kupandisha ngazi.
Kisha tukarudi tena: katapila lile lile, foleni ile ile,
petroli mara ya pili.
Duka lilikwisha fungwa. Mama alisimama chini ya upenu,
viatu vimelowa, kashika donati mbili kwenye karatasi.
Moja ya Baba.
Hakuna aliyezungumza hadi daraja la Merrimack,
na hapo Baba alisema tu, "Rangi zake, Lorette. Utaona."

Rangi zilikuwa nzuri. Sitadanganya.

Aprili, meza ya jikoni, fomu za kodi.
Kuna mstari mmoja pale, karibu na mwisho:
vitu ulivyonunua nje ukavitumia hapa.
Majirani zetu, nadhani, huujaza sifuri.
Mama akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, ina kovu la maji,
akaandika mia na ishirini
kwa mwandiko wake wa shule, uliosimama wima.

Baba alitia sahihi kama kila mwaka,
bila kusoma, jicho kwenye besiboli.

Mama akanitazama juu ya miwani.
Nikaenda kuosha vyombo.