Miraba ya Chaki

Chumba walichonipa kilikuwa stoo ya mahindi.
Hadi leo kinanuka magunia mvua ikikaribia,
na hapa Chavakali mvua haibishi hodi:
saa nane inashuka, bati linanguruma,
na sauti yangu, hii niliyoilipia karo chuoni,
haifiki dawati la tatu.

Watoto hamsini na wanane. Gredi ya pili.
Wiki ya kwanza nilipiga kelele ili wasipige kelele.
Wiki ya pili koo likagoma.
Wiki ya tatu nikaenda kwa Mama Lusike wa kioski
nikarudi na trei za mayai, makopo ya rangi yaliyokauka,
na vizibo vya soda alivyoapa kuwa ni mia mbili
(ni mia moja tisini na saba; tumevihesabu mara nyingi).

Tukapanga.
Penseli fupi huku, zilizobaki kifutio tu kule.
Amugune, ambaye makalio yake hayaelewani na kiti,
nikampa madirisha: yeye hufungua, yeye hufunga,
na ole wake atakayemgusia komeo.
Mkono juu ni kimya. Vidole viwili ni maji.
Kiganja kifuani ni: sijaelewa, mwalimu, rudia.
Hiyo niliirudia kuliko zote,
maana mimi nilipokuwa na umri wao
niliitikia "ndiyo" mwaka mzima
nikiwa sijui tunazungumzia nini.

Ikabaki sakafu.
Udongo wa huku ni mwekundu na ni mzururaji,
hupanda na watoto kutoka mtoni na majanichai,
huingia darasani bila kuitwa jina.
Basi nikachora miraba kando ya mlango,
hamsini na minane, kila mmoja na mwenyewe,
viatu ndani, visigino ukutani,
ncha zikitazama nje.
Mwalimu mkuu akapita, akarudi hatua mbili, akasema,
"Hapa sasa pana darasa."

Nilitembea na sentensi hiyo siku nne
kama mtu aliyeshona suti.

Ijumaa nikabaki na ufagio.
Watoto walikuwa uwanjani, viatu vyao vimeondoka nao,
miraba yote tupu, isipokuwa wa Kageha.
Ndani yake, kokwa mbili za parachichi,
zimeoshwa, zimewekwa sambamba,
ncha zikitazama nje.

Nilikaa chini palepale, sketi na vumbi lake.
Siku nne mtoto ametii agizo langu
kwa alichonacho.
Siku nne miraba yangu iliyonyooka
imesimama mlangoni kila asubuhi
ikisoma kwa sauti orodha ya wasionavyo,
na mimi nimeipongeza kwa unadhifu.

Nifute? Wangeuliza kwa nini,
na macho yote yangetafuta mahali pa kutua.

Jumatatu nikatandika gunia mlangoni.
Nikasema: viatu hapa, miguu hapa, kila mtu apanguse.
Na katika mraba wako, weka kitu ulichokutana nacho njiani.
Kageha alikuwa ameshaweka.
Wengine wakatoka mbio kutafuta cha kumfikia:
unyoya wa kanga, jani la chai lililotobolewa,
jiwe lenye mshipa mweupe,
na Amugune, bila shaka, chura,
aliyekataa katakata kukaa mrabani.
Tulimpoteza hadi somo la hisabati.

Sitasema chumba ni kizuri. Dirisha moja lina kadibodi.
Trei ya mayai imelainika kwa unyevu,
na kuna siku utaratibu wote huu
unaangushwa na nyuki mmoja.

Lakini jana, saa nane, bati lilipoanza,
niliandika ubaoni kumi na saba toa tisa,
nikanyoosha vidole, nikavikunja, sikufungua kinywa.
Vichwa vikainama. Vizibo vikasogea.
Kisha safu ya nne, polepole,
kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto,
Kageha akaweka kiganja kifuani.

Nikapita katikati ya madawati.
Nikachuchumaa. Nikarudia.