Siku ya Kumi na Mbili

Nilimwita Deni kwa sababu nilimnunua
kwa mkopo wa kikoba, na kila Jumamosi,
tukikaa juu ya viroba vya mashudu hapa Mpunguzi,
wenzangu huuliza: Deni hajambo?
Nami hujibu: anakula, analala, anakoroma.

Mara mbili dume la Chilewa limempanda.
Mara mbili, siku ya ishirini na moja,
nimemkuta kasimama, masikio wima,
mgongo mgumu kama benchi la kanisani.
Deni amerudi, nikasema. Kikoba kizima kikacheka.

Leo Lameki wa mifugo amekuja na pikipiki,
dawa ndani ya chupa ya chai, juu ya barafu.
Kabla ya sindano, akachora vumbini kwa kijiti:
hizi pembe za tumbo la uzazi, ndefu kama utumbo;
humu vijusi, havijashika popote,
vinaelea, vinajinyoosha kama nyuzi.
Siku ya kumi na mbili sharti vipige hodi.
“Kwa mdomo gani?”
“Kwa homoni, mama. Vikiwa pungufu ya vinne,
tumbo halisikii. Hudhani nyumba ni tupu,
linafagia.”

Vinne.
Yaani vitatu vyaweza kuwamo, vizima, vikibisha,
na mwenye nyumba asisikie.

Sikumwambia Lameki kwa nini nilikaa chini.
Wangu alikuwa mmoja.
Mtama ulikuwa magotini, kadi ya kliniki
haijaandikwa hata jina.

Sindano ikaingia nyuma ya sikio.
Deni akamtukana Lameki na ukoo wake wote,
kisha akarudia makapi ya zabibu.
“Hii ni ya kulituliza tumbo, lisiwahi ufagio.
Siyo ahadi. Wengine hushika, wengine hapana.
Elfu kumi na tano.”
Nililipa nane. Saba akaandika kwenye kiganja chake.

Usiku huu upepo unapiga mchanga kwenye bati.
Zimebaki siku tisa.
Nimeingia bandani na tochi ya simu,
nimelaza sikio langu ubavuni pake:
joto, manyoya makavu, zabibu zinachacha.
Pazeni sauti, nawaambia, huyu ni mzito wa kusikia.
Halafu, asije akachelewa,
nimeitikia mimi:
karibuni.