Dakika Sita

Saa ya Kisia ilikimbia dakika sita mbele.
Aliirithi kwa babu yake, mlinzi wa msitu wa Kakamega,
na kwa kuwa yeye ndiye mgonga kengele
(kipande cha reli kilicholetwa kwa bodaboda kutoka Luanda)
shule nzima ikaishi dakika sita mbele ya dunia.
Tulichelewa kabla ya kuchelewa.
Mwalimu Vugutsa alitupigisha magoti getini
kwa kosa ambalo Mbale nzima ilikuwa haijalisikia.
Miaka minne, na hakuna aliyezirudisha akrabu nyuma.

Leo, karatasi ya mwisho, Fizikia,
Kisia mwenyewe yumo ndani, namba kumi na tisa,
kengele kamwachia mtoto wa Kidato cha Pili.
Reli ikalia. Tukaweka kalamu chini.
Msimamizi, mgeni kutoka Kitale, akatazama saa yake:
Kaeni. Bado dakika sita.

Nikawaza: hatimaye tumelipwa.

Nikatazama mabati.
Mvua ya saa tisa ilipoyapiga, mwalimu wa Historia
aliacha kusema, akaandika ubaoni tu;
Vita Vikuu vyote viwili tulivisoma hivyo,
mamilioni wakifa bila sauti
juu yetu kukinguruma.

Nikakumbuka hadubini ya mchango
iliyofika bila kioo. Tulichungulia kwa zamu, jicho moja tumelifumba,
tukachora seli za kitabuni
na kuandika chini yake: kama ilivyoonekana.
Alama nane kwa kumi.

Na kuku wa Lugalia, aliyeletwa badala ya karo,
akakaa stoo muhula mzima akitagia kwenye madaftari.
Mayai yaliliwa ofisini.
Deni halikupungua hata shilingi.

Sijui ilikuwa dakika ya ngapi mtoto alipolia getini.

Sote tulimjua: wa Muhonja, miezi mitatu,
mapajani pa nyanya yake chini ya mkaratusi.
Alikuja naye kila mtihani, Kiswahili, Hesabu, Kemia,
kama mtahiniwa asiye na namba.
Muhonja alikaa kushoto kwangu.
Mgongo ulimnyooka kama wa mtu aliyeitwa jina.
Akakunja mikono kifuani, akaibana,
lakini sare ya samawati haifichi maji;
doa likatanda polepole, likafika kwenye nembo,
pale palipoandikwa Bidii.

Muhula wa kwanza, mimi ndiye niliyemchora ubaoni.
Tumbo nililifanya mtungi. Darasa likaangua kicheko.
Aliingia, akaona, hakuuliza ni nani.
Akaufuta mtungi kwa kiganja,
akajipangusa chaki kwenye sketi, akaketi,
akafungua kitabu ukurasa tuliokuwa tumefika.
Neno pole lina silabi mbili.
Tangu Februari nilikuwa natafuta nafasi ya kulitia.
Na sasa nafasi ndiyo hii, na kunena ni udanganyifu.

Mtoto akalia tena, kwa sauti ya kukata tamaa.

Kisia akanyosha mkono.
Mwalimu, kwa saa yangu muda umekwisha.
Saa yako ni mbovu, kijana.
Kimya. Kisha sauti, nikashtuka kuwa ni yangu:
Ni sahihi, mwalimu.
Ni sahihi, akasema Lugalia.
Ni sahihi, ni sahihi, hadi dirishani,
watu arobaini na mmoja wakiapa kwa saa
waliyoilaani miaka minne.

Msimamizi alitutazama. Akatazama lile doa, akainamisha macho.
Wewe, akasema, nenda.

Hakutembea. Kiatu kimoja kilimvuka
kando ya dawati langu, hakugeuka kukitazama.
Tukasikia miguu kwenye kokoto, mmoja mzito, mmoja mtupu.
Tukasikia kilio kikikatika katikati.

Zilibaki dakika mbili. Tulizikaa zote.
Nikakiokota kile kiatu, kisigino kimelika upande,
nikakipangusa vumbi kwa kiganja.