Nyuzi Nne

Vua soksi, Velga. Zote mbili.
Naanza na mguu mzima,
maana mguu hupimwa kwa pacha wake,
si kwa mchoro wa ukutani.

Nje, Kuldiga imelala chini ya theluji ya Machi,
na mabomba ya joto ya zahanati yanagonga
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Kwa kidole gumba natafuta nundu ya nje,
kokwa ya kifundo,
hapo naweka mhimili wa kipimapembe:
mkono mmoja waelekea goti,
wa pili walala sambamba na ukingo wa wayo.
Vuta vidole kwako. Tena. Nyonga isisaidie.
Mzima: nyuzi kumi na saba.
Mgonjwa: nne.

Naandika nne. Anaisoma juu chini.
"Nne," asema, "haifiki hata pedali ya fa."

Miaka arobaini na moja amepiga kinanda cha kanisa,
kile cha mabomba marefu,
mikono juu, miguu chini,
macho yasiitazame miguu hata mara moja:
kisigino, kidole, kisigino, kidole.
Watu husikia radi ndani ya mbao za viti
wakainamisha vichwa,
kumbe ni kifundo cha bibi wa kilo hamsini.

Wapo wasemao kuteleza si kuanguka.
Velga aliteleza na akaanguka,
ngazi ya tatu ya kanisa, Jumapili ya pili ya Januari,
ngazi ambayo Imants, shemeji yake,
hakuimwagia chumvi.
Ndoo ilikuwepo. Chumvi ilikuwepo.
"Na yeye alikuwepo," asema Velga,
"anavuta sigara."
Hawajasemezana tangu siku hiyo.

Sasa nausukuma wayo mwenyewe, taratibu,
goti limenyooka, kisha goti limekunjwa,
nijue anayekataa ni nani,
shavu la mguu au kiungo chenyewe.
Kila mwendo una namna yake ya kuisha.
Upo unaoisha kama kamba iliyokazwa,
ukiusubiri, unakuongeza kidogo.
Upo unaoisha kama mlango uliokuta jiwe.
Wa Velga ni kamba.
Sikumwambia nilivyofurahi. Nilisema, "Simama."

Sakafuni nimebandika utepe wa sentimita.
Kidole gumba kwenye alama, kisigino chini,
goti lende likaguse ukuta.
Sentimita mbili.
Kisigino kinataka kuiba, kinajinyanyua
unene wa karatasi tu,
nami karatasi nimeichomeka chini yake kweli,
naivuta, inatoka.
Mwizi! Anacheka.
Sikujua kwamba ana pengo.

Sita. Sita tena.
Tano (asubuhi ile alikutana na Imants dukani,
kwenye foleni ya mkate).
Tisa.
Fundo halikatwi kwa kisu,
hufunduliwa uzi kwa uzi,
na uzi mwingine hurudi usiku ukajifunga.
Hilo la mguuni nina chombo chake.
La kifuani sijalipima,
ingawa nimeliona likivimba
kila anapolitaja jina.

Mwisho wa Aprili, samaki wakiruka maporomoko ya Venta
na daraja limejaa watu wenye watoto mabegani,
nikaandika kumi na mbili.
"Inatosha?"
Kwa ngazi, inatosha. Kwa kinanda, sijui,
mimi hata filimbi siwezi.
Akavaa soksi bila kuketi,
akisimama kwa mguu ule ule, makusudi,
nimwone.

Nilimsindikiza mlangoni.
Jua kali, ngazi kavu, barafu imesahaulika,
na juu ya kila ngazi
chumvi. Nyeupe, nyingi, ya mkono usiojua kupima.
Hakukuwa na mtu. Harufu ya sigara, labda.
"Chumvi ya Aprili," akasema Velga, "upuuzi mtupu,"
akashika reli, kisha akaiachia,
akashuka akiiponda,
kisigino, kidole,
na kwenye ngazi ya tatu akasimama kidogo
kama anayesikiliza.