Namba Tisa, Kipimo Chake

Jumamosi ya soko la silaha kule Ord, Nebraska,
mimi sina hata risasi moja ya kuuza.
Nauza karatasi.
Meza yangu iko kati ya mwenye visu na mwenye nyama kavu ya paa,
na nyuma yangu nimetundika picha kumi na mbili:
mtutu niliousogelea hata ukawa handaki,
bastola juu ya gunia la mahindi,
maganda ya shaba thelujini, kama meno ya utotoni.
Watu huuliza, "Hii inafyatuka?"
na hucheka wenyewe. Nami hucheka. Kicheko kimo kwenye bei.

Miaka kumi na tisa nilipiga picha za harusi.
Maharusi huachana, kisha hurudi kudai fedha zao.
Chuma hakipepesi macho.
Kipake mafuta kidogo, kingojee kwenye dirisha la kaskazini,
kitakupa buluu ambayo shela haijawahi kunipa.
Dada yangu Corliss hataki kuziona nyumbani kwake.
"Unakiremba kifo," asema.
Labda. Nimepiga pia maua ya msibani,
na hakuna aliyenilaumu kwamba yalipendeza.

Kupiga picha, kupiga risasi: kitenzi ni kimoja.
Jicho hufumbwa, pumzi hushikwa, kidole hungoja.
Tofauti ni nani anabaki amesimama.

Saa tano hivi akaja Bi Ardith Kucera
ndani ya koti la kiume lililompita mabega.
Akazipita zote, akasimama mbele ya namba tisa:
bunduki ya marisau, kitako cha mti wa jozi.
Nilikuwa nimeipiga kwa muuzaji mmoja wa Grand Island,
mwanga ukitambaa hadi kwenye kovu dogo la kitakoni.
Akaligusa kwa ukucha.
"Hilo ni jino la Pepper," akasema. "Alikuwa mtoto bado.
Mbwa, nina maana."

Sikujua la kusema. Nikataja bei.
Dola themanini na tano, fremu mbali.

"Niliiuza Februari ile," akasema, si kwangu hasa.
"Ndama walikuwa wanakufa, benki inaandika barua,
na Wendell halali. Anaamka saa tisa usiku,
anakaa jikoni, anaitazama.
Niliitoa siku aliyokwenda kwa daktari wa meno.
Hajaniuliza mpaka leo.
Ukutani vimebaki vigingi viwili, na umbo lake,
pale ambapo rangi haikuingia moshi.
Sasa anavitazama vigingi."

Kiganjani alikuwa ameandika kwa kalamu:
inchi arobaini na sita na nusu.
Sijui aliandika kwa ajili ya nini, kabla hajaniona.
"Waweza kuichapa kwa kipimo chake?"

Niliichapa. Mashine ilikula wino usiku kucha,
na kitako kilipotokea cha mwisho, nikaona aibu
kwa namna nilivyokisifia mwanga wake.

Nilimpelekea mwenyewe, njia yote barafu.
Aliking'oa kigingi cha kwanza, mimi cha pili;
vyote viwili akavitia mfukoni mwa aproni.
Karatasi ikalala juu ya kivuli chake.
Akanihesabia themanini na tano, noti za tano tano,
nami nikazipokea zote. Nina kodi ya kulipa.

Wendell aliingia na buti zenye matope.
Akaiona. Birika lilikuwa linachemka,
na hakuna kati yetu aliyekwenda kulizima.
Akaja karibu, karibu kuliko mnunuzi yeyote,
akalitafuta lile jino la mbwa, akalipata.
Kisha akainua kidole kimoja,
akaisukuma kona ya kushoto, kidogo, juu.

"Imekaa upande," akasema,
akaenda kuzima jiko.